Kabla ya kulaumu jicho, tazama bakuli

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake na maswahaba zake.

Safu yetu juma hili inaingia jikoni. Yamkini wapo watakaouliza katibu wa kamati ya msikiti ana lipi la kusema kuhusu keki. Tunalo jibu la sehemu mbili. Kwanza, Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alieleza kuwa alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake, basi jikoni hapamvunjii mwanamume heshima. Pili, keki hii hatukuifuata sisi. Ilitufuata msikitini, na ilikuja kwa sura ya ugomvi.

Kadhia yenyewe

Majina tunayahifadhi, na pande zote mbili zimeturuhusu kuyaeleza haya ili wengine wapate faida.

Hapa Iguguno, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, yupo dada yetu mmoja mjane anayelea watoto watatu kwa kupika keki za oda. Malighafi anayo karibu. Mkoa wetu wa Singida unajulikana nchi nzima kwa kuku wa kienyeji, wale wanaopakiwa katika matenga na kusafirishwa hadi Dar es Salaam, na penye kuku hapakosi mayai. Keki zake zinasifika kwa wepesi. Hutenga ute na kiini, akaupiga ute peke yake hadi usimame, ndipo akachanganya na vilivyobaki.

Siku moja alipokea oda ya keki tatu za nikahi. Alipokuwa akipiga ute asubuhi ile, jirani yake, ambaye ni shoga yake wa miaka mingi, aliingia uani kuazima ungo. Akachungulia chombo, akasema, "Shoga, mikono yako ina baraka. Ningekuwa nayo mimi, nisingelala na njaa." Akachukua ungo wake akaenda zake.

Keki zikaingia motoni. Zilipotoka zilikuwa zimelala kama chapati, nzito, na chini zina tabaka la ubichi linalong'ata meno. Mayai 18 yalikwenda bure, pamoja na sukari, unga na mkaa. Mwenye shughuli alilazimika kutuma mtu Singida mjini kununua keki nyingine. Dada yetu alikaa chini akalia, na katika kulia kwake akakumbuka jambo moja: shoga yake alisifu bila kusema Mashaallah.

Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba yule jirani ana jicho. Wenye watoto wachanga wakawa wanawafunika khanga akipita. Binti yake akarudi kutoka madrasa analia, kwa kuwa wenziwe walikataa kukaa naye jamvi moja. Hapo ndipo mume wa jirani alipokuja kwa kamati baada ya swala ya Alasiri, akasema kwa utulivu uliotutia hofu kuliko hasira: "Ustadhi, mke wangu ama ni mchawi, nami nijue, ama si mchawi, na mtaa ujue."

Swali la bibi

Kamati haikuwa na haki ya kukanusha kuwapo kwa jicho la hasidi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa lipo, na akatufundisha dua za kujikinga nalo. Lakini kuwapo kwa jambo ni mada moja, na kumbandika mtu fulani jambo hilo ni mada nyingine. Sura ya Al-Hujurat, katika aya yake ya 12, inatukataza kufuata dhana ovyo, kupelelezana na kusengenyana. Tulitaka ushahidi, na hatukujua tuutafute wapi.

Aliyetufungulia njia ni bibi mmoja, mzaliwa wa Tanga, aliyeolewa huku miaka mingi iliyopita. Ndiye anayewapikia watoto wa madrasa mkate wa mayai kila siku ya Idi. Alisikiliza maelezo yote huku akihesabu tasbihi yake, kisha akamgeukia dada yetu.

"Mwanangu, ute uliupigia katika chombo gani?"

"Katika beseni la plastiki, bibi."

"Na jana yake beseni hilo lilifanya kazi gani?"

Pakawa kimya. Jana yake lilikandiwa unga wa maandazi, na unga ule ulikuwa umetiwa mafuta ya alizeti. Lilisuuzwa kwa maji baridi, likafutwa kwa kitambaa.

Bibi akataka tulete vyombo viwili na mayai sita. Barazani pa madrasa, mbele ya pande zote mbili, ute wa mayai matatu ulitiwa katika beseni lile lile, likiwa limepakwa mafuta kidogo na kusuuzwa kwa maji baridi kama ilivyokuwa siku ya tukio. Ute wa mayai matatu mengine ulitiwa katika bakuli la chuma lililooshwa kwa sabuni na maji ya moto, kisha likakaushwa na kupanguswa kwa kipande cha ndimu. Vijana wawili wakapewa michapo, yaani vile vipigio vya nyaya, wakapiga kwa muda ule ule. Ute wa bakuli la chuma uliinuka mweupe, ukasimama vilele, hata bibi akaligeuza bakuli juu chini na hakuna kilichodondoka. Ute wa beseni ulitoa povu kubwa kubwa la juu juu, ukalegea, na baada ya muda mfupi maji yakaanza kujitenga chini.

Hakuna aliyesema neno. Dada yetu alijifunika uso kwa mtandio.

Kinachotokea ndani ya povu

Baada ya siku ile tulisoma na kuuliza, tukitaka kufahamu kwa nini tone la mafuta lina nguvu ya kuangusha keki tatu. Tuliyoyapata yanastahili kuelezwa kwa urefu, maana ndani yake mna hekima ya Muumba.

Ute wa yai ni maji kwa takriban sehemu 9 katika kila 10. Sehemu iliyobaki karibu yote ni protini, na protini hizo ni za aina kadhaa. Iliyo nyingi kuliko zote ni ovalbumini, ambayo peke yake ni zaidi ya nusu. Zipo pia ovotransferini, ovomusini na jamii ya globulini. Kila chembe ya protini ni kama uzi mrefu uliokunjwa ukawa kidonge. Katika uzi huo kuna sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazoyakimbia. Yai likiwa limetulia, zile zinazoyakimbia maji hujificha ndani ya kidonge.

Mchapo unapopita, hufanya kazi mbili kwa pamoja. Huingiza hewa, na huvuta vile vidonge vya protini hadi vikaanza kukunjuka. Sehemu zilizokuwa zimejificha hubaki wazi katikati ya maji, nazo hutafuta pa kukimbilia. Pa kukimbilia ni penye hewa. Basi kila protini hujipanga kwenye ukingo wa kiputo, upande mmoja ukielekea majini na upande mwingine hewani. Kisha jirani kwa jirani hushikana, zikafanya utando mwembamba unaokizunguka kiputo kizima. Mfano wake ni saf ya swala, bega kwa bega, pasipo mwanya. Ute uliopigwa vyema huweza kuongezeka hadi mara 6 au hata 8 ya ujazo wake wa awali, na ongezeko lote hilo ni hewa iliyozuiwa na utando huo.

Sasa mafuta yanapoingia, nayo hukimbia maji, kwa hiyo hukimbilia mahali pale pale penye ukingo wa kiputo. Hufika na kuchukua nafasi, lakini hayashikani na yeyote. Ni kama mtu aliyeingia katika saf akasimama mbali na wenziwe: mwanya umepatikana. Utando hupasuka, viputo viwili vidogo huungana kuwa kimoja kikubwa, maji hushuka, na povu hufa. Kiasi kinachotosha kuleta madhara hayo ni kidogo sana, hata kile kinachobaki katika plastiki baada ya kufutwa. Plastiki hushikilia mafuta kuliko chuma, kioo au udongo uliong'arishwa, na maji baridi hayayaondoi. Huku kwetu, ambako mafuta ya alizeti hukamuliwa karibu kila penye mashine na hutumika karibu katika kila nyumba, jambo hili lina uzito wa pekee.

Kiini cha yai nacho kina mafuta, takriban theluthi ya uzito wake. Ndiyo maana tone la kiini likiingia katika ute uliotengwa huuzuia kusimama. Bibi alitufundisha kulivunja kila yai kwanza katika kikombe kidogo, ndipo limwagwe pamoja na wenzake. Faida ni mbili: kiini kikipasuka kitaharibu yai moja tu, na yai viza halitaharibu mengine.

Kwa nini hulisimama hata baada ya moto

Msomaji atauliza: povu la sabuni nalo ni povu, mbona hatuoki sabuni? Jibu ni kwamba povu la sabuni hufa tu, ilhali povu la yai huiva.

Joto linapopanda, mambo matatu hutokea. Hewa iliyo ndani ya viputo hutanuka. Kutoka joto la kawaida hadi karibu na kuchemka kwa maji, hutanuka kwa takriban robo ya ujazo wake. Maji yaliyo katika mchanganyiko hugeuka mvuke, nao huingia katika viputo vilevile na kuvikuza zaidi. Wakati huohuo protini huanza kuganda. Ovotransferini hutangulia, kwenye nyuzijoto 60 na ushei za Selsiasi. Ovalbumini, ambayo ndiyo nguzo, hungoja hadi karibu nyuzijoto 80 au zaidi. Wanga wa unga nao hunywa maji ukavimba na kuimarisha kuta.

Basi keki ni mashindano baina ya kutanuka na kuganda. Moto ukiwa hafifu mno, viputo huungana na kupasuka kabla ukuta haujakauka. Moto ukiwa mkali mno, gamba la juu hukauka mapema, na ndani kukiendelea kutanuka hupasuka. Mwenye kufunua sufuria kila dakika huingiza ubaridi ilhali kuta bado ni majimaji. Viputo hunywea, na keki hulala. Ndiyo maana wazee husema keki haitaki kuchunguliwa. Wengine waliifanya kauli hiyo kuwa mwiko. Sababu yake ni hii tuliyoieleza.

Somo la pwani na somo la Singida

Mkate wa mayai wa pwani, uliozoeleka Unguja, Mombasa na Tanga, ni ushahidi mkubwa wa nguvu ya povu. Kwa asili yake hautiwi hamira wala beking pauda. Ni mayai, sukari, unga wa ngano na iliki, na juu pengine zabibu kavu. Mayai hupigwa mazima pamoja na sukari kwa muda mrefu, na kwa kuwa kiini kimo, kazi huwa ngumu zaidi kuliko ya ute mtupu. Hupigwa hadi mchanganyiko uwe mweupe, mzito, na ukiinua mchapo uzi unaoanguka ubaki juu kwa kitambo kabla ya kuzama. Kisha unga huingizwa taratibu, na sufuria hupaliwa makaa juu na chini.

Mbinu hiyo imefika mbali. Wareno walipofika Nagasaki, nchini Japani, katika karne ya 16, waliwaachia wenyeji keki ya mayai, sukari na unga, na Wajapani huiita kasutera hadi leo. Beking pauda ilikuja baadaye sana. Mwingereza Alfred Bird aliitengeneza mwaka 1843, kwa kuwa mkewe alidhurika na mayai na hamira. Na hata beking pauda, kwa sehemu kubwa, huvikuza viputo ambavyo mpigaji ameshaviweka. Asiyepiga vyema hataokolewa na kijiko cha pauda.

Bibi alitueleza jambo lililotushangaza. "Nilipoletwa huku," alisema, "mkate wangu uliniaibisha mwaka mzima. Mkono ni uleule, mayai ni yaleyale, lakini unapanda kisha unashuka." Hakuwa ameharibiwa na mtu. Singida mjini ipo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nasi tumo katika uwanda huohuo. Huku juu kani ya hewa ni ndogo, na maji huchemka karibu na nyuzijoto 95 badala ya 100. Kiputo kinachokandamizwa na hewa nyepesi hutanuka zaidi, na mvuke hutoka mapema. Mkate hupanda haraka kuliko kuta zake zinavyoweza kuganda, ukafika kileleni bila nguzo, ukaanguka.

Dawa aliigundua mwenyewe kwa kujaribu. Alipunguza sukari kidogo, na akaacha kupiga ute hadi ukauke. Sukari ni rafiki wa povu kwa kuwa huyafanya maji yawe mazito yasishuke upesi, lakini huchelewesha kuganda kwa protini. Huku kwetu, ambako muda ni mfupi, sukari ikizidi kuta huchelewa. Na ute uliopigwa kwa kiasi huachia viputo nafasi ya kutanuka bila kupasuka.

Wasia kwa wapishi wetu

Kwa mkate wa sufuria ya kadiri, mayai 6, sukari gramu 180 na unga gramu 180 ni kipimo cha kuanzia. Huku juu mtu apunguze kijiko kimoja au viwili vya sukari. Zaidi ya kipimo, tunausia haya:

Chombo kiwe cha chuma, kioo au udongo uliong'arishwa, kioshwe kwa sabuni na maji ya moto, kikauke kabisa. Mchapo nao uoshwe vivyo hivyo, maana nyaya zake huficha mafuta. Beseni la maandazi libaki la maandazi.

Mayai yatengwe yakiwa baridi, kwa kuwa kiini huwa kigumu, lakini yapigwe yakiwa na joto la chumba, kwa kuwa hupanda upesi zaidi. Yai la siku nyingi lina ute mwepesi ambao hutoa povu haraka lakini povu lisilodumu. Yai bichi la siku chache hukawia kidogo, na povu lake hudumu.

Sukari iingie kidogo kidogo baada ya povu kuanza kusimama. Ikiingia yote mwanzoni huchelewesha kazi.

Acha kupiga pindi vilele vinaposimama vikiwa bado vinang'aa. Ukizidisha, protini hushikana kupita kiasi, zikakamua maji kama nguo inavyokamuliwa, na ute hugeuka mabongemabonge. Hapo haurudi tena.

Unga uchekechwe mara mbili au tatu, uingizwe kwa mafungu, na ukunjwe kwa mwiko mpana kutoka chini kwenda juu. Kukoroga kwa nguvu huvunja viputo na kuufanya unga wa ngano uvutike. Sufuria iwe imeshapata moto kabla, mchanganyiko usikae ukingoja makaa.

Na watoto wasirambishwe mchanganyiko mbichi, kwani mayai mabichi huweza kubeba vimelea vya maradhi.

Tuongeze moja lenye kuhusu dini. Maduka ya vifaa vya keki huuza unga mweupe mchachu uitwao krimu ya tartari, unaotiwa katika ute ili povu lidumu. Asili yake ni mashapo yanayoganda katika mapipa ya mvinyo. Wanavyuoni wana maelezo juu ya kitu kilichobadilika kutoka asili yake, na mwenye shaka awaulize masheikh wake. Lakini mpishi wa Iguguno hana haja ya kuingia katika shaka hiyo. Kazi ya unga ule ni uchachu wake, unaozuia protini zisishikane kupita kiasi, na uchachu huo umo katika ndimu. Nusu kijiko cha chai cha maji ya ndimu kwa ute wa yai moja hutosha.

Swali lililobaki

Tungependa kusema kwamba barazani pale mambo yalikwisha. Dada yetu aliomba radhi, tena mbele za watu, kama alivyotuhumu mbele za watu. Jirani yake alisema, "Nimekusamehe." Kisha akatugeukia sisi wa kamati, akauliza swali ambalo bado linatuamsha usiku.

"Ustadhi, na kama ute ungesimama katika vyombo vyote viwili? Mimi leo ningekuwa nani?"

Hatukumjibu papo hapo. Tuliona aibu, kwa maana aliona jambo ambalo sisi, pamoja na vyuo tulivyopitia, hatukuliona. Tulilifanya beseni kuwa shahidi wake wa utetezi. Kana kwamba mtu hujulikana hana hatia pale tu inapopatikana sababu nyingine. Kana kwamba lau mafuta yasingeonekana, sisi tungekuwa na haki ya kurudi kwake.

Jibu letu tunaliandika hapa, ili alisome yeye na walisome waliomficha watoto wao. Lau ute ungesimama katika vyombo vyote viwili, angekuwa huyuhuyu tunayemjua: Muislamu, jirani, mke wa mtu, mama wa mtoto anayesoma madrasa yetu. Kutojua kwetu sababu ni upungufu wa elimu yetu. Hakumtii mtu mwingine hatiani. Keki ina njia nyingi za kuanguka. Tumetaja mafuta, kiini, kupiga kupita kiasi, moto hafifu, moto mkali, kifuniko kilichofunuliwa mapema, na urefu wa nchi yenyewe. Bibi wa Tanga alikosa sababu kwa mwaka mzima, na sababu ilikuwa hewa anayoivuta. Je, katika mwaka huo angetaja majina mangapi?

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakichavusha mitende, akasema neno kwa rai yake, wakaacha, na mavuno yakapungua. Alipoelezwa, aliwabainishia kuwa katika mambo ya dunia yao wao ni wajuzi zaidi. Mwalimu wetu hakutafuta wa kumlaumu kwa mavuno yale. Aliwarejesha kwenye ujuzi wa kazi yao. Huo ndio mwendo tunaotakiwa kuufuata jikoni, shambani na dukani: kwanza tazama kazi, tazama chombo, uliza mjuzi. Dua ya kinga isomwe asubuhi na jioni, na Mashaallah isemwe kila tunaposifu, maana ni adabu na ni ibada. Lakini dua hiyo ni ngao yetu kwa Mola wetu. Haikuwekwa iwe kidole cha kumnyooshea jirani.

Kamati imekubaliana mambo mawili. Khatibu atazungumzia dhana na uzushi katika hotuba ya Ijumaa, pasipo kumtaja mtu. Na bibi ameridhia kuwafundisha kina mama mkate wa mayai kila Jumamosi asubuhi barazani pa madrasa. Kila mmoja aje na mayai yake sita na bakuli lisilo na mafuta. Jumamosi ya kwanza dada yetu alifika mapema. Jirani yake alifika akiwa amechelewa, akakaa upande wa pili wa jamvi. Ungo alioazima siku ile alikuwa amekuja nao, akaurudisha mikononi mwa mwenyewe, na huo ndio uliochekecha unga wa siku hiyo.

Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo zetu na dhana, azibariki riziki za wajane wetu, na atujaalie kutafuta elimu kabla ya kutafuta wa kulaumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.